Sifuri Mwishoni mwa Mstari

Nilifukuzwa kwaya nikiwa na miaka kumi na moja. Aliyenifukuza ni mama aliyekuwa anatuimbisha, na hakunifukuza kwa ubaya. Alinishika bega mbele ya watoto wenzangu akasema, "Mutoto yangu, weye utatushikia vitabu." Nikashika vitabu vya nyimbo miaka minne. Nalisema hili mapema kwa sababu parokiani wote wanalijua, na hata nikilificha watakuambia wao.

Mama huyo hakuwa mama yangu wa kunizaa. Sisi nyumbani ni watu wa Butembo, yeye ni wa upande wa Bukavu, alikuja Goma kwa ndoa na mpaka leo anakaa mtaa wa Mapendo. Lakini tangu utotoni namwita mama, na mji mzima unamwita hivyo. Nyimbo nyingi tunazoimba Jumapili zilitoka kichwani mwake. Nota hajui kuandika hata moja. Wimbo ulimjia akichambua maharagwe au akipiga pasi, akauimba mpaka ukatulia, kisha akawafundisha watu kwa mdomo: kwanza wamama wa sauti ya kwanza, halafu wa sauti ya pili, halafu wanaume. Aliyesahau alikwenda kumgongea nyumbani, naye alimwimbia palepale mlangoni, mwiko mkononi.

Hapo nikaingia mimi na ujuzi wangu. Nilikuwa nimeshakua, nina kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta kule Ndosho, na mdomo mrefu kuliko kibanda chenyewe. Parokia ilipewa kompyuta ya zamani. Nikamwambia padri nitaitia Linux, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa sababu Linux haishikwi na virusi, haizeeki, haifi. Ndivyo nilivyosema, haifi. Padri akaniamini, maskini. Mama naye nikamwambia, "Mama, usiumize koo kila siku. Imba mara moja, sauti moja moja, mashini itakumbuka yote. Watu watakuja kuchukua kwa simu zao."

Akacheka, akakubali. Kwa miaka miwili alikuja sekretaria, ile ofisi ya parokia, kila Alhamisi mchana, akakaa mbele ya mikrofoni, kitambaa begani, akaimba. Sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ile ya nne ya wanaume wa sauti nzito, ambayo aliiimba amekunja kidevu na kuguna mpaka sote wawili tukaanguka kicheko na ikabidi tuanze upya.

Shida ilikuwa umeme. Umeme wa kwetu unakuja unapotaka na unaondoka bila kuaga, kwa hiyo parokia ilikuwa na betri moja kubwa na bamba la jua juu ya paa, na betri hiyo ilitumika pia kwa vipaza sauti vya misa. Kompyuta ilizimika ghafla karibu kila siku, katikati ya kazi. Na Linux ikizimwa hivyo, ukiiwasha tena haikubali kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Inasimama kwanza na kukagua diski. Inapita faili moja moja, inatazama kama kila kitu bado kiko pale kilipoandikwa kuwa kipo, kama mama anayehesabu watoto wake baada ya mvua kubwa. Kazi hiyo ilichukua dakika arobaini. Betri yetu ilikuwa na uwezo wa saa moja na nusu tu. Na chini ya kioo mashini iliandika kwa Kifaransa, kwa adabu kabisa, kwamba asiyetaka ukaguzi abonyeze C.

Nilibonyeza C. Jamani, nilibonyeza C kama mtu anayefukuza nzi. Nikamfundisha karani wa parokia abonyeze C, nikamfundisha padri. Hata kule Ndosho wateja walioniuliza niliwaambia hivyohivyo, tena kwa sauti ya mwalimu: bonyeza C, usipoteze betri.

Baadaye hata kubonyeza kukanichosha. Ndani ya Linux kuna faili inayoorodhesha diski, mstari mmoja kwa kila diski, na mwishoni mwa mstari kuna tarakimu. Ukiandika moja au mbili, diski itakaguliwa. Ukiandika sifuri, haitakaguliwa kamwe. Siku moja nikafungua faili hiyo, nikaenda kwenye mstari wa diski ya nyimbo, nikafuta mbili na kuandika sifuri. Nilimwambia padri kwamba nimeiongezea mashini mwendo. Padri akanibariki kwa ishara ya msalaba, nami nikaipokea baraka hiyo bila haya hata kidogo.

Mwaka uliofuata mama akaanza kukwaruza sauti. Tukadhani ni vumbi. Kumbe ni uvimbe kooni, na madaktari wakasema lazima apasuliwe. Wiki moja kabla ya kupasuliwa alikuja sekretaria siku ambayo haikuwa Alhamisi, akafunga mlango, akasema ana wimbo mpya. Ulikuwa wa yubile ya parokia, iliyokuwa imekaribia. Aliuimba sauti zote nne kwa mchana mmoja, akipumzika na kunywa maji ya moto kila baada ya ubeti. Mimi nilikaa nikitazama sindano ya kipimo cha sauti ikicheza kwenye kioo, nikaacha maneno yapite, kwa sababu kwangu wimbo ni sindano inayocheza. Alipomaliza akanionyesha kidole. "Usimupe mutu. Usimupe hata padri. Ile kwaya ya jirani bataiiba mbele ya yubile. Zikibakia siku kumi na ine, njo utabapatia batu."

Walimtoa uvimbe, na sauti ikaondoka nao. Alirudi nyumbani mzima, anakula, anatembea, anagombeza watu kwa macho, lakini kilichotoka kinywani kilikuwa mnong'ono tu, na kuimba kukaisha kabisa. Wimbo wa yubile ukabaki sehemu mbili tu duniani: kichwani mwake, ambamo haukuwa na njia ya kutoka, na kwenye diski yangu.

Ilipobaki wiki mbili, Jumamosi saa nne ya asubuhi, tukakutana sekretaria: mama, padri na mimi. Mama alikuwa amevaa kitenge kipya. Akaninong'oneza, "Sasa bapatie." Nikafungua folda ya nyimbo kwa mbwembwe, nimekunja na mikono ya shati. Kompyuta ikajibu kwamba haiwezi kuifungua, muundo unahitaji kusafishwa. Nikajaribu tena, ikasema vilevile. Padri, mtu mwema, akachukua kitambaa na kupangusa vumbi juu ya mashini. Nilimwacha apanguse kwa sababu nilihitaji dakika moja ya kufikiri.

"Iko nakala?" akaniuliza padri.

"Iko, padri, iko," nikasema. Na kweli ilikuwepo. Nilikuwa nimetengeneza folda nyingine, nikaipa jina NAKALA kwa herufi kubwa, na kila mwezi nilinakili nyimbo zote humo kwa uaminifu. Ila folda hiyo ilikuwa kwenye diski ileile. Nilikumbuka jambo hili nikiwa nimeshainua kidole kuelekeza kioo, na kidole kikabaki hewani.

Niliogopa. Naona aibu kusema niliogopa nini kwanza: niliogopa watu watasema nini juu ya kibanda changu. Mama nilimfikiria wa pili. Nilipomtazama alikuwa bado anatabasamu, anangoja, kwa sababu nilikuwa nimemwambia haifi.

"Mama," nikasema, "nimeharibu." Nikamweleza yote, ile C, ile sifuri, ile nakala. Nilitamani anigombeze, lakini hakuwa na sauti ya kugombeza. Alikaa kwenye kiti, akaweka mkono kooni, akanitazama tu. Sijawahi kuona aibu kama ile, na mimi ni mtu niliyeshika vitabu miaka minne.

Nikaandika amri ya kukagua diski na kuirekebisha. Hata hapo nilikosea, kwa sababu diski ya namna hiyo lazima kwanza uiondoe kazini, usiitengeneze huku mashini ikiitumia. Kompyuta ikanionya: hii diski inatumika, ukiendelea utaiharibu vibaya, una hakika? Kidole changu kilishazoea kupuuza, kikawa tayari kwenda. Nikakishika kwa mkono mwingine, kweli kabisa, nikajibu hapana. Nikaiondoa kazini, nikaomba kwanza ukaguzi wa kutazama tu, bila kugusa kitu. Makosa yakapita kwenye kioo kwa muda mrefu hivi kwamba padri akaenda kuungamisha watu na kurudi, yakawa bado yanapita.

Kurekebisha kungehitaji saa nyingi bila kukatika hata mara moja. Umeme ukikatika katikati, basi tena. Padri akatazama betri, akatazama ratiba ya misa ya kesho, akakuna kichwa. "Itumie yote," akasema. "Kesho nitahubiri kwa mapafu." Na kesho yake alihubiri hivyo kweli, akiwa amekunja ngumi, na waliokaa nyuma walitoka wakisema padri amewagombeza bila sababu.

Nikaanza, na bahati nzuri jua likawaka siku nzima, bamba la paa likawa linaijaza betri. Mashini ilipata kosa, ikalieleza, ikauliza: nirekebishe? Ukijibu ndiyo, inarekebisha na kwenda kwenye kosa jingine, inauliza tena: nirekebishe? Iko herufi moja ya kuweka kwenye amri tangu mwanzo ili ijijibu yenyewe. Naijua herufi hiyo. Niliisahau, na kuikatiza kazi niliogopa, kwa hiyo tukajibu kwa kidole, swali moja baada ya jingine, mchana mzima.

Mimi nilipochoka, mama akavuta kiti chake. Akatoa rozari kwenye mkoba. Akaweka kidole cha kulia kwenye kitufe, rozari mkono wa kushoto, na kila mashini ilipouliza alisogeza punje moja kisha akabonyeza. Nirekebishe? Punje. Ndiyo. Nilimwambia si lazima iwe pole namna hiyo, akanitazama, akasogeza punje nyingine. Alizunguka rozari nzima sijui mara ngapi. Midomo yake ilikuwa inatembea muda wote, na chumba kilikuwa kimya isipokuwa ule mguso wa kitufe.

Saa kumi na moja ya jioni maswali yakaisha. Folda ya nyimbo ilikuwa tupu. Lakini Linux ikiokota vitu ambavyo haijui ni vya wapi haivitupi, inaviweka kwenye folda yake ya vilivyopotea na kuonekana. Nikaifungua. Humo mlikuwa na faili tele, hakuna hata moja yenye jina. Zote zilikuwa na namba tu. Nikachagua moja, nikaicheza, na sauti ya mama ikajaa chumbani, ile ya zamani, nzito na yenye afya, ikiimba wimbo wa matoleo.

Mama akalia. Na mimi nikalia, na padri akasema anakwenda kuangalia lango.

Wiki iliyofuata kila mchana nilifunga kibanda, nikapanda moto, yaani pikipiki, mpaka parokiani, na mama akaja. Alivaa vifaa vya kusikilizia, akasikiliza faili moja moja, akaandika kwenye daftari la shule: namba hii ni wimbo huu, sauti ya pili. Namba hii ni ule wa Kwaresima, sauti ya nne. Wengine wangechoka kusikia sauti ambayo hawana tena, lakini yeye alikuwa anajikosoa. Mara nyingine alitikisa kichwa na kunong'ona, "Hapa nilikuwa juu sana." Nami niliandika majina upya, moja moja, nikaweka nakala kwenye diski mbili tofauti. Moja ilikwenda kwa padri, na nyingine iko Mapendo, sandukuni, chini ya vitenge vya mama.

Siku ya tatu alifika kwenye faili moja, akasikiliza kidogo, akasimama. Akavua vifaa vya kusikilizia na kunivika mimi kwa nguvu. Haukuwa wimbo. Siku moja ya zamani nilisahau mikrofoni wazi, na humo nikasikia sauti ya mama ikisema, "Mutoto yangu, mashini inauliza kitu. Mbona unaikatalia?" Kisha ikafuata sauti ya kijana mmoja mwenye majivuno ya kutisha: "Aah, mama, achana nayo, hiyo ni kelele tu. Fundi hapa ni nani?" Kisha mama tena, taratibu: "Haya, fundi. Tuimbe."

Nilipoinua uso alikuwa anacheka. Hakuna sauti iliyotoka, ila mabega yalitikisika, machozi yakamwagika, akajipiga paja, akashika ukingo wa meza asianguke. Nikamwomba nifute faili ile. Wapi! Akachukua daftari, akaandika namba yake, na mbele yake akaandika neno moja: Fundi. Ipo mpaka leo, nakala tatu.

Siku ya tano faili zikaisha. Wimbo wa yubile ulikuwa umeonekana: sauti ya pili ipo, ya tatu ipo, ya nne ipo. Sauti ya kwanza, ile inayobeba wimbo wenyewe, haikuwepo. Nikatafuta tena, nikafungua hata vipande vidogo vilivyobaki, nikasikia sekunde mbili tatu za mtu akipiga chafya na mlango kufungwa. Ilikuwa imekwenda. Zile sauti tatu bila ya kwanza ziliguna tu mahali pamoja, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuisikia ila mimi, niliyekuwa nikitazama sindano.

Nikasema basi nimwite mama mmoja wa sauti ya kwanza, mwimbaji hodari, ili mwenye wimbo amwelekeze kwa mikono. Mama akatikisa kichwa. Akaonyesha mikrofoni, kisha akanionyesha mimi.

"Mama, weye ndiye ulinifukuza," nikasema.

"Najua," akanong'ona. Akasogea karibu na sikio langu. "Bale bataongeza yabo. Kila mutu ataongeza yake. Weye haujue kuongeza."

Ndivyo nilivyopata kazi. Alinong'ona neno, akapandisha kiganja au kukishusha, nami nikafuata kiganja kwa sauti yangu ya chura. Nikipotea alinipiga goti, turudie. Alipiga mapigo kwenye paja langu mpaka likawa jekundu. Karani alifungua mlango, akatuona, akaufunga polepole. Kulikuwa na mstari mmoja mrefu, "Bwana, tumefika mlangoni pako", ambao pumzi yangu haikuumudu. Kila mara niliishiwa katikati ya neno, nikasema "tume", nikavuta hewa kama mtu aliyetolewa ziwani, nikamaliza "fika". Tulirudia mpaka koo likaniwaka. Mwishowe sauti zilikuwa sawa, mama akatikisa kichwa kukubali, na pumzi ile tukaiacha kwa sababu betri ilikuwa inakwisha.

Jioni ile nikafungua ile orodha ya diski, nikafuta sifuri, nikarudisha mbili. Tangu hapo umeme ukikatika tunangoja dakika arobaini nzima, kwaya yote, na wamama wanazitumia kunisema.

Watu wakachukua wimbo kwa simu zao. Walicheka, lazima niseme, walicheka sana waliposikia nani anaimba sauti ya kwanza. Wengine waliifanya sauti yangu kuwa mlio wa simu zao. Lakini zilikuwa zimebaki siku saba, na hawakuwa na kitu kingine cha kujifunzia.

Siku ya yubile kanisa lilijaa mpaka nje. Mama alikaa benchi la mbele, mimi nikasimama ubavuni karibu na betri. Wakaanza. Sikuwahi kuusikia ukiwa mzima, na nilisahau kutazama sindano. Ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri kiasi cha kunitia hofu, kwa kufikiri nilivyokuwa nimekaribia kuupoteza. Kisha wakafika kwenye ule mstari mrefu. "Bwana, tume", wakaimba wamama wote wa sauti ya kwanza, wakanyamaza pamoja, wakavuta hewa kwa nguvu pamoja, kanisa zima likasikia, na "fika" ikafuata. Walikuwa wamejifunza kila kitu kama kilivyo. Mama akageuka kwenye benchi, akanitafuta kwa macho, akanipata.

Misa ilipokwisha nilimfuata nje, nikapenya kati ya watu waliokuwa wanamshika mikono. Niliinama kwenye sikio lake. "Mama, ile pumzi ni kosa yangu. Mikrofoni iko, naweza kuimba upya, batajifunza upya. Nirekebishe?"

"Hapana," akasema, na alilisema kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, mpaka mama mmoja aliyekuwa nyuma yetu akageuka kuona nani amesema.